Fomu Thelathini na Tatu

Jumapili, 9 Februari 2014

Leo tena DIP, eneo la viwanda huku Uarabuni, kambini kwa walinzi. Wiki ya tatu. Wamenipa kile chumba cha nyuma ya jikoni — meza moja, viti viwili, harufu ya vitunguu kutwa. Sijali. Kazi inakwenda. Kampuni yao ya ulinzi imeipa ofisi yetu kazi ya kuwashauri walinzi arobaini: nani anafaa kupandishwa, nani asomee nini, nani anataka kufika wapi. Kila mmoja nakaa naye dakika arobaini na kuandika kwa mkono kwenye fomu yake. Nimeshamaliza watu ishirini na sita.

Kila mmoja humwanzia kwa maneno yale yale niliyofundishwa chuoni Nairobi: utakayoniambia humu hayatoki humu. Wengi hucheka kidogo. Halafu mabega hulegea.

Wa leo wa mwisho alikuwa Gerishom. Mtu wa Vihiga, miaka thelathini na minne, mrefu, hulipima neno kabla ya kulitoa. Miaka mitatu anasimama mapokezi kwenye mnara mmoja kule Marina. Kumbe ni fundi wa lifti! Ana cheti, na Kisumu alifanya kazi hiyo miaka sita. Anasema mafundi wanakuja kila mwezi kutengeneza lifti ile ile, yeye anajua ubovu uko wapi, na kazi yake ni kuwafungulia mlango.

Nikamuuliza, sasa wewe wataka kufika wapi? Akautazama mlango.

"Madam, hii kitu inaenda kwa ofisi?"

Nikamwambia haiendi.

Ndipo akasema. Mwezi uliopita alifanya mahojiano kwenye kampuni ya lifti, na wamemkubali. Mkataba wake unaisha Aprili. Anangoja uishe aondoke kwa amani, kwa sababu ofisi yake ikijua mapema itamfungia njia. Amemwambia mtu mmoja tu — Nick, anayelala kitanda cha juu yake, wametoka kijiji kimoja.

"Na sasa wewe," akasema.

Nimerudi nyumbani nina raha. Hii ndiyo kazi niliyosomea.

Jumanne, 11 Februari

Kutwa ofisini kwetu, mtaa wa JLT. Bi Jokha ametaka muhtasari wa wiki. Ndiye mwenye ofisi — Mzanzibari, ameishi huku tangu utotoni, na Kiswahili chake cha Unguja bado hakijachuja. Mbele ya wateja namwita madam, tukibaki wawili namwita Bi Jokha. Viza yangu iko chini yake. Mwaka juzi mamangu alipolazwa Mombasa, alinipa ruhusa siku hiyo hiyo bila kuniuliza mengi. Sisahau.

Akaniambia nisiweke majina, niweke picha ya jumla tu. Nikaandika kurasa mbili. Kuhusu Gerishom niliandika: mmoja ana cheti cha ufundi wa lifti na tayari anatakiwa kwingine, kampuni ingepata faida ikimhamishia idara ya matengenezo kabla haijampoteza.

Nadhani nimemtetea. Nadhani watasoma waseme, kumbe tuna fundi humu ndani.

Bi Jokha kasoma, kasema, "Kazi safi, mwanangu."

Alhamisi, 13 Februari

Sir Fawaz alikuja leo — mkuu wa wafanyakazi kwenye ile kampuni ya ulinzi. Mtu mcheshi, manukato yake hutangulia kuingia. Alikaa na Bi Jokha nyuma ya kioo nusu saa. Akipita mezani kwangu akaniuliza kwa Kiingereza kazi inakwendaje. Nikasema vizuri, sir. Akasema, yule mtu wa lifti wa Marina, anaonekana mwenye bidii, eh?

Nikasema, ndiyo sir, sana.

Akatabasamu. Yalla, haya, weekend njema — huku ni Ijumaa na Jumamosi.

Watu thelathini na watatu sasa. Wamebaki saba.

Jumapili, 16 Februari

Kitanda cha Gerishom kitupu.

Aliyeniambia ni Metrine, mlinzi wa kike, mwenzangu wa kupiga soga pale kambini tangu siku ya kwanza. Alinivuta hadi kwenye kamba za nguo. Ijumaa asubuhi, wikendi hiyo hiyo, Gerishom aliitwa ofisini. Akapewa karatasi mbili achague: asaini mkataba mwingine wa miaka miwili, ama apande ndege na kufungiwa kurudi. Nyumbani ana watoto watatu. Alisaini. Jana wamempeleka kulinda ghala la mabomba jangwani, saa moja na nusu kwa gari, hakuna hata duka.

Kabla ya kupanda gari alimpiga Nick. Mbele ya watu, kwenye foleni ya chai. Nick amepasuka mdomo na jino limelegea, kisha yeye ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo, eti kwa kupigana.

Nikauliza, kwa nini Nick?

Metrine akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto. "Si ndiye alikuwa anajua peke yake? Gerishom alisema hivyo. Nick, na madam. Lakini madam aliapa."

Nilishika kamba ya nguo. Nikasema nina kizunguzungu, jua kali. Sikufanya mahojiano leo. Nilimwambia msimamizi naumwa.

Ndiyo sir, sana. Maneno matatu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimezungumza na Bi Jokha. Nayaandika yote sasa kabla hayajanigeukia kichwani.

Niliingia saa tatu, nikafunga mlango. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, hajagusa simu yake.

"Lakini hukutaja jina."

"Nilitaja lifti, Bi Jokha. Ni mmoja tu pale."

"Na mimi sikumtaja. Mtu mzima kasoma ripoti, kajua watu wake. Hilo tutalizuiaje?"

Nikasema sitaki litokee tena. Nikasema fomu zenyewe zitakaa kabatini kwangu na zitakaa humo. Hapo ndipo alipovua miwani.

"Fairuz. Fomu ni zao. Mkataba unasema tukimaliza tunakabidhi kila kitu."

Mkataba huo sijapata kuuona. Akaufungua kwenye kompyuta, akanigeuzia. Uko hivyo kweli. Ukurasa wa nne. Na kile kipengele cha fomu kinachouliza kama mlinzi anafikiria kuhama — kumbe hakikuwekwa kwa ajili ya ushauri. Sir Fawaz mwenyewe ndiye aliyeomba kiwekwe. Ndicho anachokilipia. Nami nimewauliza watu thelathini na watatu swali lile kwa sauti ya upole, nikawamiminia na maji ya kunywa.

"Mimi niliwaambia hayatoki," nikasema.

"Na nani aliyekutuma uwaahidi?"

Nimefundishwa hivyo, ndivyo inavyofanywa, hayo ndiyo yaliyonijia, na kila moja lilikuwa dogo.

Hakupandisha sauti. Aliniambia tumo watu tisa humu ofisini, na kampuni ile ndiyo kazi yetu kubwa mwaka huu. Akasema yeye mwenyewe alipoanza alimeza mengi. Kisha: fomu zote, zilizojazwa, mezani kwake Jumatatu ijayo. Kwa saba waliobaki atakwenda mtu mwingine. Kama siwezi, niseme mapema, watatafuta utaratibu wa viza yangu — lakini asingependa kufika huko, mimi ni kama mwanawe.

Nadhani alikuwa anasema kweli. Ndilo gumu zaidi.

Jumatano, 19 Februari

Silali vizuri, sili. Kila saa nakwenda kugusa kabati kuona kama limefungwa.

Leo nilifanya jambo la aibu. Nilichukua fomu tupu nikaanza kunakili. Pale penye swali la kuhama nikaandika: ameridhika, hana mpango. Fomu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zikatoka nzuri, mwandiko ule ule. Nikajiambia naliokoa kundi zima, na Bi Jokha atapata karatasi zake, na mimi nitabaki na kitanda changu cha kupanga Al Barsha.

Ya nne ilikuwa ya kijana wa Kilifi anayetaka kusomea uokoaji majini. Ameniletea hadi picha ya cheti chake cha kuogelea. Nikaandika ameridhika. Kalamu ikakataa hapo. Hii nayo ni kumzika. Kwanza nilimsaliti mmoja kwa kusema kweli, sasa nataka kuwasaliti wengine kwa kusema uongo, na mara zote mbili nikijiita mtetezi wao.

Nimezichana zote nne.

Na bado sijaandika lililo kubwa. Nick. Siku nne anatembea kambini watu hawamsalimu. Namba ya Gerishom ninayo, nimeitoa kwenye fomu. Kila nikiishika simu napata sababu ya kuiweka. Yuko zamu. Amelala. Mtandao hafifu kule. Ukweli ni kwamba Nick akibeba lawama, mimi inaniwia nyepesi. Nimeliandika. Basi.

Ijumaa, 21 Februari

Nilikwenda. Baada ya sala ya Ijumaa nilipanda basi hadi DIP bila beji ya ofisi.

Nick nilimkuta kwenye bakala, duka dogo lililo nje ya kambi, ananunua mkate. Ni mdogo wa mwili, mpole, mdomo bado umevimba upande. Aliponiona akavua kofia. "Madam, leo si siku yako."

Tukakaa kwenye ngazi za bakala. Nikamuuliza hali. Akasema yeye mwenyewe atapona, kinachomuuma ni nyumbani. Gerishom alipiga simu kwao, kwao wakaongea, na Jumapili kanisani mamake Nick aliimba kwaya peke yake mwisho wa safu, wenzake wamejisogeza. "Mama ananiuliza nilifanya nini. Namwambia sijafanya. Anasema, basi ni nani? Na sina wa kumtaja."

Nikasema, ni mimi.

Nilimweleza yote — ripoti, Alhamisi ile, maneno matatu. Sikulia, nilijizuia, maana ningelia ningemlazimisha anibembeleze. Nick alitazama mkate wake muda mrefu. Gari la maji lilipita, likapita lingine.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi nikipiga anakata."

Nikapiga pale pale, sauti nikaifungulia tusikie wote wawili. Gerishom alipokea kwa furaha, akidhani nina habari njema. Nilimwacha kidogo na furaha yake kwa sababu sikuweza kuanza. Kisha nikaanza.

Alipoelewa hakunitukana. "Ulisema haitoki," akasema.

"Nilisema."

"Na ikatoka."

"Ikatoka kwangu. Nick hakusema neno. Yuko hapa ananisikia."

Upepo tu kwenye simu. Nikadhani amekata. Kisha akaita, si kwa sauti ya kwanza: "Nick? Jino lilitoka?"

"Bado liko," Nick akajibu. "Linacheza tu."

"Nitaongea na mama yako mwenyewe. Leo."

Nick akageuza uso ukutani.

Nikaanza kusema pole. Gerishom akanizuia. "Madam, pole iweke kwanza. Zile za wengine ziko wapi?"

"Kwenye kabati la ofisi."

"Ufunguo uko na nani?"

"Mimi."

"Na wanazitaka?"

"Jumatatu."

"Mimi nimeshasaini," akasema. "Miaka miwili nitaikaa. Lakini Metrine ako na mtoto anataka kumleta. Yule wa Kilifi. Hao bado. Ya kwangu mpe Nick aniwekee."

Akakata. Hajasema amenisamehe, wala sikumuuliza.

Jumamosi, 22 Februari

Nimefanya.

Asubuhi niliingia ofisini na kadi yangu, mchana kweupe, nikapanda juu kama ninayekuja kumaliza kazi. Nilifungua kabati. Fomu thelathini na tatu kwenye bahasha mbili. Nilipotoka, mlinzi wa mapokezi aliniamkia na kunishikia mlango. Nilifikiri njia nzima: mwizi anajisikiaje? Hivi hivi labda.

Nilikwisha jiuliza usiku na mchana ni za nani hizi. Karatasi ni za ofisi, hilo silipingi. Maneno je? Nilipewa kwa sharti. Sharti likivunjika, kitu hurudi kwa mwenyewe. Sijui mwanasheria angesemaje. Mimi ndivyo ninavyojua.

Metrine aliwakusanya walio na off kwenye chumba cha kulia; walio zamu aliahidi kuwapelekea mkononi. Nilisimama mbele yao. Nikasema kampuni ingepewa fomu hizi, sikujua, ilikuwa kazi yangu kujua. Nikasema mimi ndiye niliyemtoa Gerishom, si Nick. Nikasema chukueni, mkitaka hifadhini, mkitaka chomeni.

Hawakunipigia makofi, na sikuyatarajia. Robinah, Mganda wa zamu ya mchana, aliisoma fomu yake yote amesimama, akaikunja mara nne. "Nilikuambia mpaka habari za ugonjwa wangu," akasema. "Ungeuliza kwanza karatasi inaenda wapi, au ungejiuliza wewe." Akatoka. Mwingine akauliza sasa kile cheo cha usimamizi kimekufa? Kwamba alikitegemea, na mimi nimekifunga. Huenda ni kweli. Kijana wa Kilifi alitaka nimshauri bado, pale pale, wengine wakisikiliza. Nikamwelekeza mahali pa kufanyia mtihani wa uokoaji, na akaandika nyuma ya fomu yake.

Nick aliipokea ya Gerishom, akaitia ndani ya Biblia yake. Wawili watatu wakamsogelea. Mmoja akamkatia mkate.

Jumapili, 23 Februari

Nilimwendea Bi Jokha kabla hajaniita. Niliweka ufunguo wa kabati mezani, na barua yangu ya nusu ukurasa: nimefanya nini, lini, kwa sababu gani. Hakuna mwingine aliyenisaidia. Sikumtaja Metrine.

Alisoma. Akainuka akafunga pazia la kioo.

"Umeiba."

"Nimerudisha."

"Usinichezee maneno. Ningekuwa mtu mwingine ungekuwa kituo cha polisi saa hizi, unalijua hilo?"

Nikasema nalijua. Kweli nalijua, tangu jana sifikirii jingine.

Aliketi. Aliniuliza kama nina nakala. Sina. Kwenye kompyuta? Sina. Akagusa kipaji cha uso wake kwa kidole. "Na humu?"

Nilitazama ufunguo.

"Watu thelathini na watatu, na wewe husahau hata siku ya kuzaliwa ya mfagizi. Fawaz naye si mjinga. Anakuja kesho saa tano. Atakachotaka ni wewe ukae naye, mpitie majina. Utamwambia mwenyewe hapana. Mimi sitakusemea."

Jumatatu, 24 Februari

Saa sita na dakika thelathini na tano. Chumba cha mkutano. Naandika haraka.

Amekuja na orodha. Majina arobaini, yamechapwa, kisanduku kidogo mbele ya kila jina. Hakukasirika hata kidogo. Amesema mambo ya fomu khalas, yamekwisha, hana haja ya karatasi. Nitie alama tu kwa wanaotaka kuhama. Dakika kumi. Hakuna atakayejua imetoka wapi. Kisha kasema na ofisi yake ina nafasi ya mshauri wa ndani, viza ya miaka mitatu. Upande wa pili wa meza Bi Jokha aliweka fomu ya kufuta viza yangu, imejazwa, haijasainiwa. Alikuwa anaitazama hiyo, si mimi.

Nilisema siwezi, sir. Akasema fikiria. Wametoka kwenda kuswali adhuhuri, wameniachia kalamu.

Najua kila kisanduku. Bi Jokha alisema kweli, siwezi kuwasahau hata nikitaka. Kumi na tisa wanataka kuhama. Macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye majina yao. Nimeigeuza orodha kifudifudi.

Saa saba kasoro kumi. Bi Jokha amerudi wa kwanza, peke yake. Fawaz yuko korido, kwenye simu, namsikia anacheka. Ameigeuza orodha, ameona visanduku vyote vitupu. Amevuta kiti, ameketi, bado ana maji ya udhu kwenye ukingo wa mtandio.

Ameniuliza kwa sauti ya chini, "Yule wa lifti. Jina lake nani?"

Wiki mbili hizi hajawahi kuliuliza. Nimemuuliza analitakia nini.

"Nataka nizungumze naye. Kabla huyu hajaingia."

Nilimtazama usoni nijue ni Bi Jokha gani aliye mbele yangu, yule aliyenipa ruhusa au yule wa ukurasa wa nne. Sikuweza kujua. Jina limo kwenye orodha, mstari wa kumi na moja, kidole chake kiko karibu yake. Ningelisema tu, kama nilivyosema Alhamisi ile.

Nimemwambia, ngoja nimuulize mwenyewe kwanza.

Bi Jokha ametikisa kichwa, sijui ni kunikubali au kunisikitikia. Nimempigia Gerishom. Simu iko mezani kati yetu, inaita. Korido kumekuwa kimya, Fawaz amemaliza kucheka. Bado inaita.